Jinsi ya kukaa na Yesu Ijumaa Kuu: saa tatu, saa sita, saa tisa

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Kuna mdogo wangu mmoja wa kwaya alinifuata Kwaresma ilipoanza, akaniambia dada, mi Ijumaa Kuu naenda kanisani kila mwaka, nasikiliza somo la mateso lote, natoka, ila moyoni hamna kitu, nimejaribu mpaka kuangalia zile filamu za mateso nikalia kweli kweli, lakini Jumatatu niko vilevile, sasa nifanyeje? Nikamwambia nitakuandikia ninavyofanya mimi. Nilimwandikia kwenye simu, akasambaza kwa wenzie, wenzie wakaanza kuniuliza maswali, basi nimeona nikae niandike yote vizuri sehemu moja.

Niseme kwanza hii haichukui nafasi ya ibada. Kanisani nenda. Hii ni ya siku nzima, unaifanya nyumbani, au kazini kama una zamu, na ibada inaingia humohumo ndani yake.

Siri yenyewe ni ndogo sana na iko kwenye Marko 15. Marko ndiye aliyeiwekea ile siku saa. Anaanza aya ya kwanza na asubuhi mapema, wazee wanamfunga Yesu wanampeleka kwa Pilato. Aya ya 25 anasema ilikuwa saa tatu, nao wakamsulibisha. Aya ya 33 saa sita, giza. Aya ya 34 saa tisa, anapaza sauti. Aya ya 42 jioni, wanamshusha. Yaani ukiisoma vizuri ni kama kengele inagonga kila baada ya masaa matatu.

Na sisi tunaoongea Kiswahili hapa tuna zawadi ambayo wengi hatujawahi kuishtukia. Watu wa wakati ule walihesabu saa kuanzia jua linapochomoza, kama tunavyohesabu sisi. Mwenzetu anayesoma kwa Kiingereza akikuta saa ya tatu inabidi aangalie maelezo chini ya ukurasa ajue kumbe ni saa ngapi. We huhitaji. Saa tatu ya Marko ndo saa tatu yako, ile ambayo watoto wameshakunywa chai na we unaanika nguo. Saa tisa yake ndo saa tisa yako ya jua kali. Simu inaweza kukuonyesha 09:00 lakini mdomo wako unasema saa tatu na Biblia inasema saa tatu. Siku ya kwanza nilipoligundua hili nilikuwa jikoni nachambua mchele, nikaangalia saa ya ukutani, nikaacha ungo. Nilisoma ile habari miaka yote kama kitu cha zamani sana cha mbali, kumbe saa yake ninayo ukutani.

Sasa maandalizi, Alhamisi usiku.

Weka alamu tatu kwenye simu: saa tatu, saa sita, saa tisa. Ukiweza weka mlio tofauti na ule wa kukuamshia kila siku, mana ule mkono umeshauzoea, unauzima bila hata kufikiri. Tafuta Biblia ya karatasi, maana ukisomea kwenye simu meseji zitakuja tu, utajikuta unajibu salamu za Pasaka saa tano asubuhi wakati Yesu bado yuko msalabani. Tafuta na kiti kimoja, ukiweke sehemu, siku nzima kisiondolewe hapo. Stuli ya jikoni inatosha. Pale ndo utakuwa unarudi.

Kuhusu kufunga, funga kadiri ya kanisa lako na mwili wako. Ila mwenye kisukari, mwenye presha anayemeza dawa na chakula, mama mjamzito, anayenyonyesha, tafadhali kula. Hakuna mahali popote kwenye Marko 15 ambapo Yesu anahitaji uanguke.

Halafu uwaambie watu wa nyumbani, mana wasipojua watakuona umenuna. Waambie tu leo nitakuwa natulia kidogo saa hizi na saa hizi, anayetaka kukaa na mimi karibu. Watoto wadogo waache wacheze, wakija wakae mapajani, usiwaonyeshe picha za damu. Mtoto wa miaka mitano haelewi upendo kwa kuona damu, anaota usiku tu. Mwambie Yesu aliwapenda watu, watu wakamuua, na yeye akawaombea, inamtosha, mengine atayajua akikua.

Haya, siku yenyewe.

Alfajiri soma aya ya 1 mpaka 20, kwa sauti kama inawezekana. Pilato, Baraba, umati, mijeledi, taji ya miiba, joho la zambarau. Ni mambo mengi na yanakwenda mbio, yaache yaende mbio, ndivyo yalivyokuwa. Pilato ni mtu wa kweli wa historia, alikuwa gavana wa Yudea toka mwaka 26 mpaka 36, na mwaka 1961 Kaisaria walichimba wakakuta jiwe lina jina lake. Kusulubisha ilikuwa adhabu ya Warumi, tena ya kudhalilisha, walimpa mtumwa na muasi, raia wao wenyewe walikuwa hawamfanyii hivyo kirahisi. Kwa hiyo mtu asikuambie Wayahudi ndo walimuua Yesu halafu akaanza kuwatukana. Yesu mwenyewe Myahudi, mama yake Myahudi, wanafunzi wote, na wale akina mama waliokuwa wanalia. Maneno ya namna hiyo yameua watu wengi sana kwenye historia, na mengi yalisemwa wiki hiyo hiyo ya Ijumaa Kuu, mimbarini.

Ukifika aya ya 21 simama kidogo. Simoni Mkirene anatoka zake shamba, anakamatwa njiani, anabebeshwa. Kirene ulikuwa mji wa huku Afrika, kwenye Libya ya leo. Na Marko anataja mpaka majina ya watoto wake wawili, kama mtu anayesema si mnamjua, baba yake fulani na fulani. Maana yake waliosikia habari hii mwanzoni yawezekana kabisa waliwafahamu wale watoto. Mi hapa huwa nawataja kwa majina watu waliobebeshwa kitu ambacho hawakukiomba. Mwaka jana nilimtaja jirani yetu anayelea wajukuu watatu peke yake. Unataja tu jina, unanyamaza, huhitaji maneno mengi.

Alamu ya kwanza, saa tatu. Nenda kakae kwenye kiti.

Soma aya ya 22 mpaka 32. Sasa angalia kitu kimoja hapa, mana hapa ndo wengi tunapotea njia. Marko anasema nao wakamsulibisha. Basi. Neno moja. Hasemi misumari ilipita wapi, hasemi damu ilitoka kiasi gani, hasemi alilia vipi. Injili zote nne ziko hivyohivyo pale kwenye tendo lenyewe, hata misumari yenyewe tunakuja kuisikia baadaye sana, Yohana 20, Tomaso anapotaka kuona alama mikononi. Wasomaji wa kwanza waliijua adhabu ile, walikuwa wanaiona kandokando ya barabara, hawakuhitaji kuelezewa. Lakini mi naamini kuna zaidi. Waandishi hawakutaka tukae kwenye damu. Macho yao wameyapeleka kwa watu waliokuwa pale na kwa maneno aliyosema. Ndo mana nilimwambia yule mdogo wangu, filamu imekuliza kwa sababu mwili wa mtu ukipigwa mbele yako hata kama ni wa mwigizaji lazima utalia, ndo tulivyoumbwa, lakini machozi yale si lazima yawe maombi. Usijilazimishe kulia. Ukilia sawa, usipolia sawa.

Ila pia usiifanye iwe hadithi laini. Mwaka 1968 kaskazini mwa Jerusalem, wakati wa ujenzi, yalikutwa makaburi ya zamani, na ndani kulikuwa na masanduku ya mawe ya kuhifadhia mifupa. Moja limechorwa jina Yehohanan. Ndani yake mfupa wa kisigino, na msumari wa chuma umepita humo, kama sentimita 11 na nusu, ncha yake imepinda. Pima na kidole chako, ni mrefu kuliko kidole cha kati cha watu wengi. Mi nilipima. Lakini kitu kilichonishika zaidi si msumari, ni lile jina. Huyu kijana alikufa kifo cha kufutwa, kile ambacho Warumi walikusudia usibaki hata na heshima ya kaburi, na bado kuna mtu alikwenda akamchukua, akamzika, na kwa desturi yao baada ya muda mtu akakusanya mifupa yake akaiweka kwenye sanduku, akaandika jina lake ili asisahaulike. Pale saa tatu mi namkumbuka na Yehohanan.

Ongezea na Luka 23:34 hapo, Baba, uwasamehe, kwa kuwa hawajui watendalo. Usiikimbilie kuigeuza somo la kusamehe maadui zako. Kwanza isikie tu ikisemwa na mtu ambaye wanamgawana nguo zake hapohapo chini ya miguu yake.

Kisha wale wanaopita wanatikisa vichwa. Wanamwambia ashuke. Makuhani nao wanasema wengine aliwaokoa, mwenyewe hawezi kujiokoa, ashuke sasa msalabani tuone tuamini. Hapa kaa sana. Ukikosa muda wa vyote usikose hapa.

Maana walisema kweli bila kujua. Asingeweza vyote viwili. Akishuka amejiokoa, na sisi tumebaki. Kwa hiyo hakushuka. Toka saa tatu mpaka saa tisa ni masaa sita, na ndani ya masaa sita kila dakika ilikuwa ni dakika ya kutoshuka. Mi zamani nilifikiri upendo wa msalabani ni kile kishindo cha kufa, kitu cha mara moja kikubwa. Siku hizi nauona kwenye kubaki. Alibaki.

Niliyaelewa haya kwa baba yangu, nisiseme ni kitabu kilichonifundisha. Baba alipougua ile ya mwisho kooni hakukuwa kunapita kitu tena, wala uji wala maji. Midomo ilikuwa imekauka mpaka imepasuka, inatoa vijidamu pembeni. Nesi mmoja akatuonyesha, chukua pamba, chovya kwenye kikombe cha maji safi, kamua, pitisha kwenye mdomo wa chini, halafu wa juu, halafu kidogo kwenye ulimi. Baada ya dakika kumi unarudia. Baba alikuwa anaifyonza ile pamba, nguvu hana lakini anaifyonza, unasikia kabisa anavuta. Mi nilifanya siku mbili. Siku ya tatu nikashindwa, nikatoka nje nikakaa kwenye benchi la wageni nikawa naangalia simu, nasoma vitu visivyo na maana, na nilikuwa najua kabisa ndani kuna nini. Aliyebaki ni shangazi. Shangazi hakuwa na maneno, hata kuomba kwa sauti hakuomba, alikuwa tu ameshika mguu wa baba juu ya shuka na ile pamba mkono mwingine. Nilipochungulia mlangoni baba macho amefumba, ila mkono wake ulikuwa unapapasa kitandani unamtafuta shangazi, ukimpata unatulia.

Basi nikisikia ashuke msalabani namwona shangazi. Mlango ulikuwa wazi na benchi lilikuwepo.

Baada ya saa tatu endelea na shughuli zako, pika, fua, nenda kanisani kama ibada yenu ni asubuhi. Usijifungie chumbani masaa sita, hutaweza na utaishia kulala. Ila jitahidi siku hiyo mambo yapungue: redio chini, status usiweke, ugomvi na mume au na mdogo wako uahirishe. Ukiwa unafanya kazi jiambie mara mojamoja, bado yuko pale. Mi hiyo inanisaidia kuliko sala ndefu.

Katikati hapa, kati ya saa tatu na saa sita, ndo naweka maneno mawili. Yule mnyang'anyi, Luka 23:39 mpaka 43, na mama yake, Yohana 19:25 mpaka 27. Mnyang'anyi hana muda wa kurekebisha kitu chochote, hawezi kurudisha alichoiba, hawezi kubatizwa, mikono imefungwa, anachoweza ni kuomba akumbukwe. Na anaambiwa leo hivi utakuwa pamoja nami peponi. Kama una mtu wako aliyekufa na hukuwa na uhakika naye, ambaye mliachana vibaya au alikuwa mlevi au hakuwa mtu wa kanisa, mlete hapa. Sisemi najua kilichompata. Nasema huyu ndiye aliyesema leo hivi kwa mnyang'anyi, basi mwachie yeye.

Na kwa mama yake, angalia mtu anayekata roho bado anapanga mama yangu atakaa kwa nani. Tazama, mama yako. Hiyo ndo inaniambia alikuwa mwanadamu kweli. Hapa kama mama yako yupo hai mpigie. Usimhubirie, muulize tu amekula nini.

Alamu ya pili, saa sita. Giza.

Hii ni ya kukaa kimya. Marko anatoa aya moja tu kwa masaa matatu, 15:33, halafu hasemi lolote mpaka saa tisa. Watu huuliza kama lilikuwa kupatwa kwa jua. Haiwezi kuwa hivyo, Pasaka ya Wayahudi inaangukia mwezi mpevu, na jua hupatwa mwezi ukiwa mwandamo, kwa hiyo hilo liache. Funga mapazia. Kama mpo wengi kaeni bila kuimba dakika kumi na tano, weka saa. Dakika kumi na tano za kimya kwa watu waliozoea sifa na kuabudu ni ndefu mno, mtu atakohoa, mwingine ataanza kunong'ona sala, mwacheni ila msimfuate. Kwenye jumuiya yetu mara ya kwanza tulishindwa, dakika ya sita tu mama mmoja akaanzisha wimbo na wote tukamfuata kama watu waliookolewa na maji. Mwaka uliofuata tukafika kumi na tano. Hakuna kilichotokea cha ajabu, ila kuna baba mmoja ambaye huwa haongei kabisa, baadaye alisema ndo mara ya kwanza amekaa na watu na huzuni yake bila mtu kumwambia yatapita.

Kuna atakayekuuliza mbona Yohana 19:14 Yesu bado yuko kwa Pilato yapata saa sita, wakati Marko ameshamsulubisha saa tatu. Ni kweli ziko hivyo. Hawakuwa na saa ya mkononi, na Yohana macho yake yako kwenye maandalizi ya Pasaka. Msigombane siku hiyo, chagueni mmoja muende naye. Mi naenda na Marko.

Kabla sijafika saa tisa kuna jambo lazima niseme, mana nimeliona likiumiza watu. Usimwambie mwanamke anayepigwa nyumbani kwake kwamba ule ndo msalaba wake avumilie kama Yesu. Nimesikia likisemwa, tena na watu wazima wa kanisa kwa nia njema. Yesu anasema kwenye Yohana 10:18 uhai wake hakuna anayemwondolea, anautoa mwenyewe. Aliyeshikwa shingo na mume hajatoa kitu, ananyang'anywa. Na Yesu kubaki msalabani hakukumfanya yule askari kuwa mtu mwema wa kubembelezwa. Kama ni wewe unasoma hii uko kwenye hali hiyo, dada yangu, toka, nenda kwa ndugu, nenda dawati la jinsia polisi, nenda kwa mtu atakayekufungulia mlango. Na kama ni jirani yako, hiyo Ijumaa we ndo wa kubaki naye. Kubaki ninakokusema mi ni kubaki na anayeumia, kumuacha mtu kwenye kipigo ni kitu kingine kabisa.

Alamu ya tatu, saa tisa. Makanisa mengi, hasa Wakatoliki, huwa na ibada saa hii. Kama uko huko mshukuru Mungu. Kama uko nyumbani simama, soma aya ya 34 mpaka 39 kwa sauti ukiwa umesimama.

Eloi, Eloi, lama sabakthani. Marko ameyaacha kwa Kiaramu, lugha ya mama yake Yesu, lugha aliyojifunzia kuongea. Fikiri mtu amezoea kufundisha watu kila siku, sasa maumivu yamefika pale ambapo mtu analia kwa kilugha cha nyumbani. Soma na wewe kwa kilugha chako kama Biblia ipo, Kichaga, Kinyakyusa, Kihaya, Kitaita, chochote. Mi nilipomsikia bibi yangu akiisoma kwa lugha yetu ndo nilishtuka kwamba lile ni swali kweli, mbona umeniacha, na kwamba hapo hapo halikujibiwa.

Wahubiri wanapenda kusema haraka haraka kwamba huo ni mwanzo wa Zaburi ya 22, na zaburi ile inaishia kwa sifa. Ni kweli, na nakushauri uisome yote, aya 31. Ila usiikimbilie ile sehemu ya sifa ili uzibe swali. Aliuliza, acha lisikike. Kwangu mi hapa ndo upendo umeshuka mpaka chini kabisa, kwa sababu kuna watu wameuliza swali hilohilo wodini, jela, kwenye chumba cha kupanga kodi imeisha na mtoto ana homa, na sasa hakuna mtu anayeweza kusema nimeuliza kitu ambacho Yesu hakijui.

Kisha sifongo. Naona kiu, iko Yohana 19:28. Angalia hii: asubuhi kabla hawajamsulubisha walimpa divai iliyotiwa manemane, akaikataa. Wengi wanasema ile ilikuwa ya kumpunguzia maumivu. Sasa mwishoni anapewa siki, divai ile chungu ya bei rahisi waliyokunywa askari, na hii anaipokea. Aliyekataa kutiwa ganzi hakukataa kunyweshwa na mkono wa mtu. Hapa we chukua kikombe cha maji kama ulikuwa umefunga, chovya kidole, pitisha kwenye mdomo. Usinywe kwanza. Kaa na ukavu ule kidogo. Mi hapa kila mwaka huwa nasikia baba anavyovuta ile pamba.

Halafu Imekwisha, na Baba, mikononi mwako naiweka roho yangu. Baada ya hapo funga Biblia. Usiongeze mahubiri. Mnaoimba imbeni wimbo mmoja mnaoujua wote bila kitabu, polepole, kisha mtawanyike.

Kwa walio kazini, manesi, walinzi, makonda, mama lishe, wale wa Ulaya na Uarabuni ambako Ijumaa Kuu yenu labda mna kazi kama kawaida: alamu zenu tatu zinatosha. Saa tatu sema, Baba uwasamehe. Saa sita usiseme kitu, simama tu ulipo, pumua. Saa tisa, Baba mikononi mwako. Haizidi dakika moja kila mara na bosi hatojua. Kuna kaka mlinzi wa geti pale mtaani aliniambia saa sita yake huwa anaivua kofia, anaishika mkononi kifuani, magari yanaingia anafungua geti kwa mkono mmoja.

Jioni. Hii sehemu watu wanaisahau kwa sababu washachoka na njaa inauma. Soma aya ya 40 mpaka 47. Wanaume waliokula naye jana usiku hawaonekani. Waliobaki ni wanawake, Mariamu Magdalene, Mariamu mwingine mama wa Yakobo na Yose, na Salome, wamesimama mbali wanatazama. Mbali. Marko hawalaumu. Mi aya hii imenisamehe sana kwa lile benchi. Walishindwa kusogea karibu lakini hawakuondoka. Na Yusufu wa Arimathaya, mjumbe wa baraza, mtu wa heshima zake, anajipa moyo anaingia kwa Pilato kuomba maiti ya mtu aliyehukumiwa, ananunua sanda, anamshusha. Fikiria kazi yenyewe ya kumshusha mtu aliyekufa pale juu, uzito wake, na mikono yako inavyochafuka.

Basi jioni usimalizie na simu. Fanya kitu kimoja cha mikono kwa mtu ambaye amezika mwaka huu. Mpelekee chakula, mfagilie uwanja, kaa naye. Kama makaburi ya kwenu yako karibu nenda. Mi huwa nabeba jembe dogo, natoka kama saa kumi na moja jua likiwa limepoa, shangazi siku hizi magoti yanamsumbua kwa hiyo tunaenda polepole, amenishika bega. Nang'oa majani pembeni ya kaburi la baba, naondoa makopo na karatasi zilizopeperushwa na upepo, yeye anakaa kwenye ukingo wa saruji ameweka mkono wake pale miguuni. Hatuongei sana. Likianza kuwa giza ananiambia mwanangu twende, nampa mkono anyanyuke.